Chanjo Iliyoganda Makere

Wenzangu mliobaki kazini mliniomba niandike, na sijidanganyi kwamba ni kwa sababu ninajua kuandika. Siku ya kuniaga mmoja wenu alisema, "Mama Zuhura, ukiondoka hatutajua friji lile la pili linafungwaje." Linafungwa kwa goti. Unasukuma chini kidogo, upande wa bawaba, kisha unasikiliza mpaka lilie. Baada ya hapo unarudi kulijaribu tena, maana kusikia peke yake hakutoshi. Mambo ya vyeo sitayagusa, kwanza hayakuwa mengi.

Nilifika Kibondo nikitokea kwetu Kondoa, nina cheti cha mifugo na begi moja, na tumbo lilikuwa linaniuma tangu tulipopita Nyakanazi. Sikuwa mgonjwa. Ni hilohilo tumbo lililoniuma kila asubuhi ya kazi hadi nilipostaafu. Wengine huanza siku kwa chai, mimi nilianza kwa kujiuliza nimesahau nini.

Aliyenipokea ni Mzee Ntakije, Muha wa Kasulu, mtu mfupi mwenye vidole vinene, aliyekuwa ameshachanja mifugo ya wilaya ile kabla mimi sijaanza shule. Hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipeleka moja kwa moja nyuma ya ofisi kwenye friji la mafuta ya taa, akapiga magoti, akanionyesha mwali.

"Ukiwa wa bluu, sawa. Ukiwa wa njano, utambi una masizi, na ndani chanjo inachemka. Kila asubuhi unapiga magoti hapa kwanza, binti. Salamu za ofisini zitasubiri."

Nikapiga magoti miaka sita.

Yeye ndiye aliyenifundisha kutoa damu ya mbuzi. Mshikaji anambana mbuzi matako yakiwa ukutani, anainua kichwa na kukigeuza kidogo pembeni. Wewe unabonyeza kwa dole gumba kwenye mfereji wa shingo, unangoja mshipa ujae, ndipo unaingiza sindano. Namba unaiandika kwenye kichupa kabla ya damu, kwa sababu baadaye mikono itakuwa imelowa na mbuzi wote watakuwa weusi. Kichupa unakilaza kivulini, kimeinama, mpaka damu igande na majimaji ya njano yajitenge juu. Hayo ndiyo seramu. Ukikipakia kwenye pikipiki kabla hakijatulia, damu inavurugika, seramu inakuwa nyekundu kama juisi ya rosela, na watu wa maabara wanakutukana kwa adabu.

Mwaka wangu wa kwanza niliua chanjo. Tulikwenda kijiji kimoja nje ya Kibondo, nikaacha chupa kwenye kiti cha mbele cha gari la ofisi wakati tunasalimia uongozi. Jua lilikuwa linapiga kioo. Niliporudi chupa zilikuwa na joto kama mayai chini ya kuku. Watu walikuwa wameshafika na mbuzi wao, wengine wametembea tangu alfajiri. Mzee Ntakije alizishika, akazitazama, kisha akazimwaga shimoni mbele yao wote. Akavua kofia akawaomba radhi kwa Kiha. Hakunitaja. Njiani hakunisema wala hakunitazama, na afadhali angenisema.

Tangu siku ile nikawa mwoga wa joto. Nilifunga chupa kwa taulo lenye maji, nikasimama mwenyewe kuzikinga kwa kivuli changu. Nikiwa kwenye semina nilikuwa nikiwaza jua limefika dirisha gani. Wakuu wangu waliita huo umakini na wakanisifu. Lakini ulikuwa woga, na woga ule uliangalia upande mmoja tu.

Mzee Ntakije alistaafu, mimi nikahamishiwa Kasulu, umeme ukafika ofisini, na tukapata friji kubwa la kugandisha. Nililipenda kupita kiasi. Barafu zake zilikuwa ngumu kama matofali, ukizigonganisha zinalia.

Wakati huo ndipo ulipokuja mradi wa kupima kingamwili. Homa ya mapafu ilikuwa inasumbua mbuzi wa vijijini kila mwaka. Mbuzi anaanza na kikohozi, anasimama miguu ya mbele imepanuka na shingo imenyooka, halafu anakufa. Tulikuwa na chanjo ya bakteria wa mapafu, ila hatukuwa tunajua kama inafanya kazi kwenye mbuzi wetu au tunawachoma tu. Mradi ulitutaka tutoe damu siku ya kuchanja, tuitoe tena baada ya wiki tatu, na tena baada ya miezi mitatu, kisha tupime kama kingamwili zimepanda. Zilichaguliwa kata mbili, Titye na Makere. Msimamizi alikuwa Dakta Lukindo, kijana wa Kilimanjaro, mwerevu, mwenye haraka. Kazi ya porini ilikuwa yangu.

Kule Makere mwenyeji wangu alikuwa Mama Jenerosa. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, na alikuwa ameshapata uraia wa Tanzania, cheti chake amekiweka kwenye fremu karibu na picha ya harusi. Alilima maharage na mihogo na mumewe Elia, na walikuwa na mbuzi kumi na mmoja. Yeye ndiye majirani walimtazama kabla ya kukubali jambo lolote jipya. Siku niliyokwenda kuomba ruhusa alinipa kigoda, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Iyo damu mwaituma wapi?"

"Kasulu mjini, Mama. Maabara yetu."

"Kambini nako walikuwa wakitutoa damu. Hakuna aliyerudi kutwambia waliona nini."

"Mimi nitarudi."

"Na mutatafuta nini ndani yake?"

Nikamweleza kwamba chanjo ni wadudu wa ugonjwa waliokwisha uawa. Mwili wa mbuzi unawaona, unajifunza sura yao, unatengeneza askari wake na kuwaweka kwenye damu. Sisi tunakwenda kuhesabu askari.

"Sawa," akasema. "Mwataka kujua kama impene yangu imesoma au ililala darasani."

Elia akacheka kusikia mbuzi wao wamefanywa wanafunzi. Mimi nikacheka pia.

Titye tulichanja Jumatatu. Tulichelewa kutoka, barafu zilikuwa zimeanza kutoa jasho, na njia nzima nilikuwa nafungua kisanduku kuangalia. Kazi ikaisha salama, lakini niliogopa sana. Kwa hiyo Jumatano, kwenda Makere, niliazimia nisiogope. Nikatoa barafu moja kwa moja kwenye friji kubwa, ngumu vile vile, nikazipanga chini, nikaziweka chupa za chanjo katikati, nikazipanga na juu. Sikuweka gazeti wala kitambaa kutenganisha. Nikafunga kisanduku kwa mkanda na nikaendesha pikipiki kwa raha ambayo sikuwa nimeizoea.

Makere, mbele ya watu na mbuzi, nilipofungua nikakuta chupa zina ukungu mweupe. Nikatoa ya kwanza. Chanjo ile kwa kawaida ni kama maji yaliyosuuzia chombo cha maziwa. Hii ilikuwa ngumu, na pembeni mwa kioo kulikuwa na sindano za barafu. Nikaishika viganjani mpaka ikayeyuka. Ndani kukawa na vipande vidogo vyeupe vinavyoelea kama mtindi uliokatika.

Nataka mwelewe vizuri nilichofanya, kwa sababu ndicho kilichonifanya nikubali kuandika. Niliviona vile vipande. Nikajiambia baridi haijawahi kuharibu kitu. Nikatazama watu waliokuja, nikakumbuka wale waliorudishwa bila chanjo mwaka wangu wa kwanza, nikasema sitarudia aibu ile. Nikatikisa chupa mpaka vipande vikapotea machoni. Nikachanja mbuzi wote wa Makere, nikianza na wale kumi na mmoja wa Mama Jenerosa, Elia akiwashika mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa jike mwekundu mwenye mimba, Gahogo, ambaye mama mwenyewe alimshika kwa mikono yake.

Wiki tatu zikapita. Nikarudi kata zote mbili kutoa damu, nikazileta seramu maabara. Kipimo chenyewe mnakijua. Kisahani chenye vishimo vidogo, seramu ndani, dawa moja, kuosha, dawa nyingine, kuosha, kisha unangoja rangi. Penye kingamwili panageuka bluu. Nilikaa mbele ya kisahani mikono imebanwa mapajani. Safu za Titye zikaanza kupata rangi, kwanza kama anga ya asubuhi, kisha kama wino. Safu za Makere zikabaki maji.

Nikarudia siku ya pili kwa visahani vipya. Titye bluu, Makere maji.

Dakta Lukindo akaja, akainamisha kichwa juu ya kisahani.

"Labda mbuzi wa Makere wana minyoo. Lishe mbaya, mwili haujibu."

"Wa Titye wamekonda zaidi, Dakta."

"Basi tuchanganye kata zote mbili, tutoe wastani. Wastani hautakuwa mbaya. Mama, ripoti inadaiwa."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kuhusu vile vipande vyeupe, na wakati huo ningeweza kunyamaza milele. Alikuwa amenifungulia mlango na ameushika. Nilitoka nikasimama uani, nikaona nimelowa jasho mgongoni ingawa Kasulu asubuhi ile ilikuwa baridi.

Kesho yake nikachukua chupa mbili za chanjo ileile zilizobaki. Moja nikaigandisha kusudi kisha nikaiacha iyeyuke. Nyingine sikuigusa. Nikazitikisa zote mbili pamoja, moja kila mkono, nikaziweka mezani karibu na dirisha nikakaa kuziangalia. Haikupita nusu saa. Ile nzima ilikuwa bado nyeupe sawasawa juu mpaka chini. Ile iliyoganda ilikuwa na maji maangavu juu na tope chini, na ndani ya tope vile vipande.

Nikamwita Dakta Lukindo. Nikamwonyesha. Nikamwambia, "Hizi ndizo nilizochoma Makere. Niliziona na nikachoma."

Akauliza, kwa sauti ya chini kuliko nilivyomzoea, "Wenye mbuzi wanajua?"

"Hawajui."

"Na kule karibu na Makere jana wameripoti kikohozi."

Sikusikia alichosema baada ya hapo. Nilikuwa nimeshavaa kofia ya pikipiki.

Tangu siku hiyo naijua barabara ya Makere kwa mashimo yake. Niliogopa kufika na niliogopa kuchelewa. Nilipofika Mama Jenerosa alikuwa anapepeta maharage uani.

"Amahoro, daktari. Mbona hukupiga simu?"

Sikuketi. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa maneno machache, kwa sababu njiani nilikuwa nimepanga mengi na yote yalikuwa ya kujitetea. "Mama, chanjo niliyowachoma mbuzi wenu ilikuwa imeganda. Iliharibika. Damu yao haina kinga hata kidogo. Kosa ni langu, si la chanjo, na niliona dalili siku ileile."

Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Elia alikuwa ametoka ndani. Akamwambia mkewe neno kwa Kirundi, naye akamjibu bila kumtazama. Kisha mama akanigeukia.

"Ulitwambia zimechanjwa."

"Ndiyo."

"Mimi nikasema zimechanjwa, sina cha kuogopa. Wiki iliyopita nimeleta beberu kutoka mnada wa Kibondo, nikamtia humo na wengine. Nikamwambia jirani naye alete majike yake kwa beberu, kwa kuwa zote zimechanjwa. Nimewaambia watu kwa mdomo wangu, daktari."

Nikaomba nimwone beberu. Alikuwa pembeni ya banda, ameinamisha kichwa. Sikuhitaji kipimajoto, ila nilikiweka. Alikuwa na homa kali, na nilipokitoa kipimajoto akakohoa, kikohozi kifupi, kikavu, na nyuma yake mbuzi mwingine akakohoa pia.

Tulifanya kazi siku ile mpaka jua likakaribia kuzama. Wenye homa tuliwatenga upande wa migomba na kuwachoma dawa. Wazima tuliwachanja upya kwa chanjo niliyokuwa nimeipakia kabla ya kutoka Kasulu, imefungwa kwa gazeti tabaka tatu, na kila chupa niliikagua kwenye mwanga kabla. Mama Jenerosa ndiye aliyekuwa akinishikia. Tulipomaliza kwake akavaa viatu, akatangulia mbele yangu nyumba kwa nyumba, na kila mlangoni akasema, "Msikilizeni huyu," kisha akakaa kando wakati nikirudia maneno yaleyale. Wapo walionifukuza. Mzee mmoja alisema damu tuliuza na chanjo ilikuwa maji. Nusu ya maneno yake ilikuwa kweli.

Hatari ni kwamba chanjo haifanyi kazi siku unayoichoma. Mwili unahitaji muda, na homa ya mapafu haingoji. Wiki zile tatu niliishi na simu. Ikilia nashtuka, isipolia naipiga mwenyewe. Nilikuwa nafunga ofisi nasahau kula. Mume wangu alizoea kuniona nikisimama katikati ya ugali na samaki wa migebuka kwenda kupokea simu ya mtu mwingine iliyolia nyumba ya pili.

Alikufa beberu kwanza. Wakafuata wawili wadogo. Siku ya tisa Mama Jenerosa akapiga, akasema tu, "Ni Gahogo," na akakata.

Nilimpasua Gahogo mbele yake, kwa ombi lake. Nilimwambia hakuna haja aone, akasema, "Uliahidi kurudi kutwambia mwaona nini. Nionyeshe." Nikafungua kifua. Maji ya rangi ya majani makavu yakamwagika. Pafu la kulia lilikuwa gumu na zito kama ini, limegandamana na mbavu, la kushoto bado jepesi, la pinki. Nikamwekea mkono wake juu ya moja na kisha juu ya jingine ili asikie tofauti. Watoto walikuwa wawili tumboni. Akauliza kama walikuwa wakubwa kiasi cha kuishi. Nikasema bado mwezi mmoja. Akanawa mikono, akaenda ndani, na Elia ndiye aliyenisindikiza.

Baada ya hapo vifo vikasimama. Siwezi kusema ni chanjo ya pili, au dawa, au kuwatenga, au bahati. Nilipotoa damu tena na kurudi maabara nilimwomba Dakta Lukindo aweke seramu kwenye vishimo kwa mkono wake. Tukangoja pamoja. Safu za Makere zikaingia rangi. Yeye ndiye aliyeanza kupumua kwa sauti.

Kwenye ripoti aliandika wastani wa kata kila moja peke yake, na chini yake akaniachia nafasi niandike kilichotokea kwa maneno yangu. Niliandika ukurasa mmoja. Waliotaka kuniadhibu waliniadhibu, na hayo ni ya vyeo, niliyoahidi kutoyagusa. Wale mbuzi wanne waliokufa Dakta alitaka kuwaondoa kwenye jedwali, kwa kuwa hawakuwa na damu ya mwisho. Nilikuwa nimempelekea Mama Jenerosa matokeo, namba kwa namba, na aliponisikiliza mpaka mwisho aliuliza, "Na wangu waliokufa?" Nikasema hawamo. Akasema, "Waandike. Hao ndio waliowafundisha." Beberu hatukuwahi kumtoa damu hata mara moja, lakini wote wanne waliandikwa, na nafasi zao zikaachwa wazi.

Kwa hiyo ninyi mnaoanza, barafu itoeni nje ikae mpaka itoe jasho. Chupa zitenganisheni na barafu kwa gazeti au kadibodi. Ukiona vipande, usitikise ukaendelea. Tikisa, weka chini, ngoja. Watu wakirudi nyumbani bila chanjo watakasirika, lakini watakuwa wanajua hawana. Nilichowafanyia wa Makere kilikuwa kibaya zaidi, niliwaondolea tahadhari yao na sikuwapa chochote mahali pake.

Mnaniuliza kama wasiwasi umeisha sasa nimestaafu. Wiki iliyopita nilikuwa nachambua mchicha hapa nyumbani Kasulu simu ikalia. Alikuwa Mama Jenerosa.

"Dada Zuhura, kuna jike limekohoa asubuhi."

"Mama, mimi nimestaafu. Mpigie yule dada mpya, namba nilikupa."

"Nimempigia, yuko njiani. Ila limekohoa mara mbili."

"Linakula?"

"Ego, linakula."

"Miguu ya mbele?"

"Iko sawa. Lakini nikaona nikwambie."

Nikaweka mchicha chini. Nikamwambia aipeleke simu bandani, aiweke karibu na pua ya mbuzi, na watoto wanyamaze. Nikasikia hatua zake, mlango wa mbao, majani makavu. Kisha pumzi, ndefu, ya joto, karibu na sikio langu kabisa. Nikafumba macho kuhesabu. Ilitoka na kuingia, ikatoka na kuingia, haina mkwaruzo, na katikati yake sauti ya meno yakisaga. Alikuwa anacheua.

"Umesikia?" akauliza Mama Jenerosa kutoka mbali.

"Nimesikia."

"Ni mzima?"

"Usiondoe simu," nikamwambia. "Hebu nisikilize tena."